Sikio la Bonge

Jumatatu, 4 Machi
Nilikuwa kwenye cherehani, nikasikia vurugu uani. Nikadhani nguruwe wangu, Bonge na Kidoti, wanagombea maganda kama kawaida yao. Kufika — sikio la Bonge limechanika, Kidoti kajibanza nyuma ya pipa anatetemeka. Mbwa alishapenya chini ya seng'enge. Nilimwona mkia tu. Kahawia, ncha nyeupe.
Daktari wa mifugo kashona nyuzi saba. Anasema nguruwe hawa wenye vitambi vya kuburuta hawana mbio. Mbwa akishalijua hilo, hurudi.

Jumanne, 5 Machi
Fundi kaanza kuchimba mtaro kuzunguka ua. Waya utazama chini urefu wa mkono. Kaniuliza nawanenepesha mpaka lini. Nikamwambia hawa si wa kuliwa. Kaomba koleo.
Sare za shule nilizopewa kushona bado zimelala mezani.

Alhamisi, 7 Machi
Jana sikuandika. Niliogopa. Mkia ule naujua. Ni wa mbwa wa dada, nyumba ya pili. Nilikuwepo siku alipomleta, kitoto ndani ya kapu. Tangu shemeji afariki, mbwa huyo ndiye anayeongea naye mchana kutwa. Kama mimi na hawa wawili.
Leo nimekwenda kumwambia. Akasema mikia ya namna hiyo imejaa mtaani. Akanipa mgongo, akaendelea kuosha vyombo. Sufuria ileile aliiosha mara mbili.

Jumapili, 10 Machi
Ua ulikamilika jana. Asubuhi hii dada kabisha hodi, mbwa kamfunga kamba. Kamkuta anachimba chini ya waya wangu, pua imejaa udongo.
"Ni yeye, mdogo wangu," akasema. "Nilijua tangu Jumatatu. Alirudi na damu mdomoni, nikamfuta."
Kabla ya kuja alimpigia daktari wa mifugo, kaambiwa ama amfunge maisha yake yote, ama achomwe sindano ya kufa.
"Amua wewe. Mimi siwezi," akasema dada.
Maisha yangu yote yeye ndiye aliyeniamulia — shule, kazi, hata mume. Nimemwambia angoje, naweka chai.
Chai imeshachemka. Bado naandika. Kutoka dirisha la jikoni namwona dada amekaa juu ya ndoo, kamba ameizungusha kiganjani mara tatu. Mkono mwingine ameupitisha kwenye waya, anampapasa Bonge shingoni, chini kidogo ya nyuzi. Bonge kafumba macho. Mbwa kalala miguuni pake, kimya, hamwondolei Bonge macho.