Jicho Linalotaka Baridi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu na goti lako silitaki lisimame muda wote huo. Mama hajambo? Kifua chake kimetulia? Na mdogo wangu na mumewe wameshapatana kuhusu yale mapazia, au bado kila mmoja analala na rangi yake moyoni? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri, na lile jino nililolilalamikia limeng'olewa.

Nimeandika kwa sababu simu haifai kwa jambo hili. Kwenye simu nakuuliza wewe, Mama anajibu. Isome peke yako kwanza, kisha umsimulie kwa namna utakayoona inafaa.

Ile kazi niliyowaambia ni ya majokofu ya chanjo, si ya chanjo. Kwenye ubaridi sikudanganya. Mimi ni fundi wa ubaridi kama ulivyonifundisha. Ila ninachokipoza ni jicho la kombora, lile linalofungwa chini ya bawa la ndege ya kivita ili likatungue ndege nyingine huko huko angani. Tangazo lilitaka fundi anayejua gesi na mirija myembamba, nikadhani ni kiwanda cha maziwa. Waliponieleza ukweli nilikuwa nimeshavaa ovaroli, na ilinikaa vizuri.

Ngoja nikueleze kwa lugha ya karakana. Puani mwa kombora kuna kioo, na nyuma ya kioo kuna jicho dogo kama kifungo cha shati. Jicho hilo linatafuta joto. Injini ya ndege iliyo mbali linaiona kama wewe unavyoona jiko la mkaa gizani. Lakini lenyewe likiwa na joto halioni kitu, kama mtu anayepiga kelele kiasi cha kutosikia wenzake. Kwa hiyo lazima lipozwe mpaka kwenye baridi ambayo friza yako haijawahi kuiota. Na linapozwaje? Gesi iliyoshindiliwa inapita kwenye mrija mwembamba kama uzi, inatoka upande wa pili, inatanuka, inapoa. Basi. Ni friji, Baba. Nimezungukwa na watu wenye shahada tatu tatu, na katikati yao kuna friji.

Makombora ya zamani yalikimbilia chochote kinachowaka. Rubani akimwaga miale ya moto pembeni, kombora linafuata miale na yeye anakwenda zake. Haya ya sasa yanafundishwa kutofautisha umbo la ndege na moto wa kudanganyia. Mwalimu wao ni mama mmoja anayeandika programu, sisi tunamwita Mama Hesabu. Mkuu wetu ni Profesa, mtu mpole mwenye upara, ambaye huomba radhi hata akigonga kiti.

Ijumaa moja jicho lilikuwa limefungwa mezani likijaribiwa, limeelekezwa kwenye taa tuliyoifanya ndege. Mama wa chai akaingia na birika. Jicho likaiacha taa, likageukia birika. Akienda kushoto, nalo kushoto. Akajificha nyuma ya kabati, likamsubiri. Alipoweka birika sakafuni na kutoka mbio, likamchagua Profesa na kutulia utosini pake. Watu wa vyumba vyote walikuja kutazama, na mimi nikaacha nilichokuwa nakifanya nikakimbilia huko. Mama Hesabu peke yake hakucheka. Alisema birika lina pua na lina mkia, kwa hiyo jicho halikukosea sana.

Wiki iliyofuata tukaenda uwanja wa majaribio. Ndege lengwa ilikuwa haina rubani, inaongozwa kutoka chini. Kombora lilitoka vizuri, likapinda vizuri, na sekunde ya kumi na moja likapofuka. Likaenda moja kwa moja kama mtu aliyepitiliza kituo chake, likajichimbia ardhini. La pili vivyo hivyo. La tatu nalo sekunde ya kumi na moja, utadhani lilikuwa na miadi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Profesa alisema kosa liko kwenye programu. Mama Hesabu alisema programu yake haijawahi kumkosea mtu adabu, waangalie jicho. Wakaacha kusemeshana. Mimi, kwa kuwa meza yangu iko katikati, nikawa mjumbe: mwambie huyo, mwambie na huyo. Mama Hesabu aliandika programu upya mara mbili. Macho yaliyobaki tukayajaribu mezani. Yanaona, yanapofuka, ukiyaacha yapumzike yanaona tena. Kamati ikaja, watu wanne wenye mikoba, wakakaa siku mbili, wakaamua kwamba Profesa apumzike na kazi ipewe mwingine.

Jumatano nilimkuta ofisini kwake anapanga vitu kwenye boksi. Alikuwa ameshika kandambili zake za chini ya meza, hajui aziweke juu ya vitabu au chini. Akaniomba, kama si usumbufu, siku moja nimwangalizie friji ya nyumbani. Fundi mmoja aliijaza gesi, na tangu hapo inagandisha kidogo, inaacha, halafu baadaye inaanza tena yenyewe.

Unanijua, Baba. Mtu akinitajia friji mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia huo ni unyevu. Fundi hakubadilisha chujio, maji kidogo yameingia kwenye gesi, yakifika mwisho wa mrija mwembamba yanaganda na kuuziba. Baridi inakata, barafu inayeyuka, mrija unafunguka, mchezo unaanza upya. Nilieleza mpaka na mikono.

Profesa akaweka kandambili chini. Akaniuliza polepole, "Na huu mrija wetu, binti yangu?"

Sasa nakuambia kile ambacho nimekizunguka tangu mwanzo wa barua. Nilikuwa najua. Nilijua tangu kombora la pili. Ile Ijumaa ya birika nilikuwa nimefungua kopo la punje za kukaushia gesi, zile unazonikataza kuziacha wazi hata kwa dakika moja, kwa sababu zinakunywa unyevu wa hewani zikashiba. Nikaliacha wazi nikaenda kucheka. Nililikuta Jumatatu likiwa wazi vile vile, nikafunga kifuniko, nikazitumia. Halafu nikanyamaza siku kumi na tisa, nikipeleka matusi ya watu wawili wasio na hatia, huku na huku.

Nikamweleza Profesa yote, nimesimama. Hakunifokea. Aliuliza tu kopo jipya liko wapi.

Tulibadilisha punje zote, tukasafisha kila mrija. Jaribio la nne lilikuwa Alhamisi iliyopita. Ndege lengwa ilimwaga miale saba, kombora halikuutazama hata mmoja. Likapiga. Watu walishangilia, Mama Hesabu akamkumbatia Profesa kisha akamwachia haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Kamati ikamrudisha Profesa kazini. Mimi nilipata barua mbili siku moja, ya onyo kali na ya pongezi, na zote zimesainiwa na mtu yule yule.

Lakini Baba, wakati wenzangu wanashangilia, mimi nilikuwa natazama ule moshi natafuta mwavuli wa rubani aliyeruka. Nilijua hamna mtu ndani ya ile ndege. Asubuhi ile mimi mwenyewe niliiona imefungwa, haina hata kiti. Bado nilitazama mpaka macho yakatoka machozi. Wakati wa kurudi nilikaa karibu na Profesa kwenye gari, nikamwambia. Aligeuka akatazama uwanja tuliouacha nyuma. Kisha akasema, "Mimi nautafuta kila jaribio. Mwaka wa ishirini na mbili sasa."

Sijui bado nitafanya nini. Mkataba unaisha baada ya miezi mitatu na wamenitaka nibaki. Sikuombi ruhusa wala lawama. Nataka kujua wewe, ukiwa umekaa mahali pangu pale kwenye gari, ungemjibu nini.

Nisalimie Mama sana, na mdogo wangu na mumewe, kila mmoja kwa rangi yake. Goti ulipake dawa, usilisahau.

Ni mimi mwanao,
Kifunguamimba wako