Palipokuwa na Nacatamal za Ninfa

Jumapili, 6 Novemba 2016

Wadachi wawili waliopanga chumba kwangu wamepotea tena. Saa nzima juani na mizigo mgongoni! Karatasi yangu ya maelekezo inasema: kutoka duka la dawa la njano, kona moja kuelekea ziwani. Duka lilihamia sokoni tangu Septemba, likaenda na rangi yake. Bi Melba wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyewaleta, kawashika mikono kama watoto wa chekechea.

"Mzee Evenor, si uandike tu palipokuwa na nacatamal za Ninfa? Granada nzima inapajua."

Nikamwambia wageni hawamjui Ninfa.

"Na duka la dawa wanalijua? Sema jina la dada yako linakuchoma."

Mdomo wa yule mama! Nimewapa Wadachi maji baridi, nikajifanya sikusikia.

Jumanne, 8 Novemba

Mvua zimekwisha, wageni wanaanza kumiminika. Nimeipitia karatasi yote. Miaka tisa nawaelekeza watu namna ya kuingia Nikaragua, na mimi mwenyewe sijavuka mpaka hata mmoja. Ninayoyajua nimeyaokota kwenye malalamiko yao. Dola zisiwe na mkunjo wala alama ya kalamu, mpakani watazikataa. Patana nauli kabla hujaketi kwenye teksi. Karatasi ya chooni itupwe kikapuni — hapo nimepiga mistari mitatu. Mgeni haruhusiwi kupika.

Hiyo ya mwisho niliiandika kwanza, kabla sijapata mgeni hata mmoja. Jiko lenyewe halikuwepo. Nilikuwa nimelibomoa.

Ninfa alikuwa mjini Rivas wiki ile, anamuuguza shangazi. Miaka ishirini dada yangu alipika na kuuza nacatamal kila Jumamosi kwenye chumba cha mbele: unga wa mahindi na nyama ya nguruwe, vimefungwa kwa majani ya mgomba na kamba. Aliporudi akakuta kitanda cha watu wawili na feni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na sufuria yangu?"

Nilikuwa nimempa fundi achanganyie chokaa.

Wiki iliyofuata alipanda basi la Costa Rica, akaenda kuwapikia watu wengine.

Jumatano, 9 Novemba

Ninfa! Kwenye simu! Miaka tisa kimya, halafu mstari mmoja: Jumamosi jioni anapita hapa, anakwenda Managua kwa mambo ya pasipoti. Je, kuna pa kulala?

Swali hilo naulizwa mara tano kwa siku. Kidole kina mazoea yake. Kabla sijavaa miwani, karatasi ya maelekezo ilishaondoka. Yote! Duka la dawa. Kikapu cha chooni. Mgeni haruhusiwi kupika.

Nimemwelekeza Ninfa nyumba alimozaliwa kabla yangu.

Jibu limekuja baada ya saa moja: "Asante kwa maelekezo, Bwana Evenor. Kupika hairuhusiwi, nimeona."

Bwana. Mtu aliyenifunga kamba za viatu siku yangu ya kwanza shuleni.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimeandika jibu mara sita. Nimefuta mara sita. Wageni nawaandikia kurasa mbili bila kupumua.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimeichana karatasi ya maelekezo iliyokuwa ukutani. Mpya inasema: kutoka kanisani, kona mbili kuelekea ziwani, palipokuwa na nacatamal za Ninfa. Kifungu cha kupika nimekifuta. Bi Melba kaisoma, miwani puani. "Miaka tisa kwa mstari mmoja! Basi mtumie."

Nimemtumia. Ameisoma. Hajasema anakuja, hajasema haji.

Kwenye boksi la vyombo vyake nimekuta taa yake nyekundu. Bado inawaka.

Jumamosi, 12 Novemba

Saa kumi na nusu nimeitundika juu ya dirisha la mbele, nikaiwasha. Nia yangu aione kuanzia kule kona. Basi! Sikuwaza zaidi — mimi, niliyezaliwa mji huu, ambako hata mtoto anajua taa nyekundu Jumamosi ni nacatamal ziko tayari.

Saa kumi na moja: watu saba na mabakuli. Naandika nimesimama nyuma ya dirisha, wanadhani naandika oda.

"Fungua, mzee, tumbo linanguruma!"

"Ninfa karudi? Mimi nne, babu, zenye nyama nyingi!"

Honi ya basi nimeisikia. Foleni sasa ni watu kumi na mmoja. Wa mwisho ana begi la magurudumu. Nywele zimekuwa nyeupe, kazikata fupi. Hakugonga mlango. Kapanga foleni!

Bi Melba naye kamwona. "Mpisheni, jamani, mwenyewe huyo!" Ninfa kakataa: yeye mteja kama wengine, atangoja zamu yake.

Namwambia kila mmoja hakuna. Wanaondoka wananitukana mmoja mmoja. "Taa ya nini, mzee? Krismasi?" Mwingine kaniambia chumba changu nilale mwenyewe. Kila ninayemfukuza, dada yangu anasogea hatua moja. Wamebaki watano. Watatu.

Sasa mbele yake yuko Bi Melba tu. Kapisha.

Ninfa anachungulia juu ya bega langu, kwenye kitanda na feni.

"Zimeisha?"

Nimesema hazijapikwa.

"Kwa nini?"

Nimeinamia daftari. Anasema niandike tu jibu, maandishi yangu keshayazoea. Ufunguo wa mlango ninao mfukoni. Begi liko nje, na mkono wake haujaliachia.