Michungwa ya Mama na Tope la Mto

Golbanti,
Kupitia Garsen.
9 Septemba 2024

Mpendwa kaka Levis,

Shikamoo. U hali gani huko Eldoret na baridi yake? Kile kifua kimekuacha? Wifi Nelly hajambo? Na Menza, bado anakataa uji? Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu, ila nyumba haina raha, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Usishangae kupata barua na simu zipo. Baba unamjua, ukipiga anataka spika ifunguliwe asikie kila neno, na haya siwezi kuyasema akisikia. Nampa Idris wa lori la maembe akuletee mkononi.

Kaka, ile michungwa ya marehemu mama, ile uliyomletea miche yake kutoka Malindi, imekufa. Umebaki mlimau wa nyuma ya jiko peke yake, na huo nao tumeupigania. Najua utaumia. Hata mimi nimelia.

Maji yalipopungua baada ya mafuriko yale, mto ulituachia tope jeusi zuri. Baba akafanya kama kawaida yake, akalizoa na kulirundika kwenye mashina ya migomba. Migomba ikanawiri ungeiona. Basi akaona michungwa ya mama nayo isinyimwe, akairundikia tope hadi usawa wa magoti.

Haukupita muda majani yakaanza kuwa manjano, na machungwa yakawa yanadondoka yangali madogo kama gololi. Kwenye mashina ikatoka gundi ya rangi ya asali. Baba akasema miti ina njaa. Akaongeza tope, akaimwagilia asubuhi na jioni. Kadiri ilivyougua ndivyo alivyozidi kuilisha. Nami nilifurahi, kusema kweli, kwa sababu tangu mama atutoke sijamwona akishughulikia kitu kwa moyo namna ile. Hata chai alikuwa akiinywea pale pale, kiti chake katikati ya miti.

Nilipoona matawi yanakauka nikamwita Nehemiah, yule anayeuza miche Tarasaa. Baba alikuwa kanisani. Nehemiah alifukua kidogo tu kwa panga, harufu ya uozo ikatupiga puani. Ganda lilikuwa limeoza kuzunguka shina lote, ukiligusa linabanduka. Akanieleza kwamba mchungwa si mgomba. Shina lake linataka hewa, ukilifunika kwa udongo wenye maji linaoza polepole, na likishaoza pande zote hakuna dawa. Mlimau aliukuta mzima, na sababu yake inauma: tope lilimwishia baba kabla hajaufikia.

Baba aliporudi akaniuliza miti imeuawa na nini. Nikamwambia ni mafuriko, maji yalituama sana. Nilimhurumia tu. Kumbe huruma ile ilitaka kutuponza, maana juzi nilimkuta nyuma ya jiko na karai la tope jipya, eti anaukinga mlimau usife kama wenzake. Nilimnyang'anya karai mzee mzima, kaka, mimi binti yake, nikamweleza yote.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipiga magoti akalitoa kwa mikono lile tope alilokwisha kuweka, mpaka mizizi ya juu ikaonekana. Tumelipaka shina dawa ya ukungu aliyotuachia Nehemiah, na maji sasa tunayapeleka kwenye mfereji ulio mbali na shina. Mlimau una maua. Lakini yeye hali vizuri, hataki ile michungwa iliyokufa ikatwe, na chai yake siku hizi anainywea ndani.

Gumato anayetuletea maziwa anakusalimu sana, anauliza utakuja lini. Shangazi Zipporah wa Ngao pia, miguu yake ina nafuu. Mwambie Menza shangazi yake anamtaka anywe uji.

Sasa sikia. Baba ameniomba jambo moja tu, nisikuambie wewe. Anasema utaona ameua kitu cha mwisho alichotuachia mama. Nimelivunja ombi lake kwa sababu naogopa, Levis. Jambo hili linamla, na akibaki nalo peke yake sijui litamfikisha wapi. Kwa hiyo ukipiga simu usimwoneshe kwamba unajua. Muulize michungwa inaendeleaje, kisha unyamaze. Atakaa kimya kirefu, nawe usikate. Mwache akuambie mwenyewe, na akimaliza mwambie utamletea miche mingine.

Mungu awatunze nyote chini ya paa lenu, na atukutanishe tukiwa wazima, baba akiwemo.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,

Kache