Jumapili za Soul Kule St Marys

Seven Hills, Sydney

Baba yangu,

Shikamoo. Dada Rehema amenieleza kwamba goti limepoa na sasa unakwenda kanisani kwa miguu yako mwenyewe. Nimefurahi mno. Mama je, kifua kinamwachia alale? Huku baridi imeanza, ila mwili wangu ni mzima. Kilichonijaa ni fedheha, na nataka uipate habari yake kwangu kabla video haijafika Morogoro.

Unamkumbuka Derek, yule mzee Mwingereza ninayemhudumia? Ni wa rika lako. Kiharusi kilimlegeza mguu wa kushoto, lakini akili zake ni timamu kabisa. Alikulia kaskazini mwa Uingereza, kijana wa kiwandani. Anasema kila Jumamosi vijana wenzake walikusanyika kwenye kumbi za miji midogo wakacheza muziki wa soul mpaka asubuhi, bila pombe. Walizisaka santuri za Wamarekani weusi, zile za mwendo wa kasi ambazo hata huko kwao hazikupata wanunuzi. Mpiga santuri akiipata nzuri, alibandika karatasi juu ya jina ili wenzake wasiijue. Sakafuni walimwaga poda ya watoto, viatu viteleze, mtu azunguke kama pia. Redio haikuwa na habari nao. Waliohamia Australia walikuja na santuri zao, na mpaka leo, wazee watupu, wanakutana Jumapili mchana katika ukumbi mmoja St Marys.

Nami nilimsimulia yako: soul ilivyopigwa marufuku Dar, nanyi mkatundika mablanketi madirishani kule Ilala mkacheza kwa sauti ya chini. Akasema, "Basi baba yako ni mwenzetu." Tangu hapo akanipigia santuri kila nilipokuwa nafanya usafi, akinifundisha kuusikiliza wimbo.

Ndipo nikaanza kumpeleka St Marys. Mara nyingi tulikaa tu tukatazama. Jumapili moja akataka kucheza. Nikamshika kiuno, uzito wa upande wa kushoto nikaubeba mimi. Baba, nilicheza. Nilicheka, nikatoka jasho, nikasahau kama niko kazini. Mtu akaturekodi.

Video ikazunguka hadi kwa kina mama wa kanisa letu la Kiswahili. Jumanne iliyofuata, mimi na Derek tukiwa madukani, tukakutana na Mama Kezia, yule Mrundi kiongozi wa kwaya aliyenipokea nilipofika huku sina mtu. Hakunisalimu vizuri.

"Neema, ile mambo ya kucheza Jumapili na mzee wa watu ni nini?"

Ningeweza kusema ukweli. Nikasema, "Ni kazi tu, mama. Ana dementia. Hajui anachofanya, mimi namfuata tu."

Derek hajui Kiswahili. Lakini jina la huo ugonjwa wa wazee kupotewa na akili, hilo ni la lugha yake.

Tukarudi kwenye gari. Tumesimama kwenye taa, akaanza taratibu, macho mbele, kama mtu anayepimwa akili na daktari: "Leo ni Jumanne. Naishi Seven Hills. Mke wangu aliitwa Maureen, na amefariki." Kisha akanigeukia. "Nimeyapata yote?"

 Taa ikawaka kijani, nikaendesha.

Jumapili hiyo alisema mguu umechoka, hakwenda. Mimi nikaenda kanisani, na wakati wa chai nikawaambia kina mama kwamba mzee ana akili zake zote, na mimi nilicheza kwa kupenda kwangu. Mama Kezia akauliza kwa nini basi nilimdanganya. Nikamwambia nilimwonea haya.

"Ulinionea haya mimi," akasema, "ukamvua nguo mzee."

Wamenipumzisha kwaya. Sikulalamika.

Kesho yake nikamweleza Derek kila kitu na kumwomba radhi. Akanishukuru, akasema yamekwisha, akaniuliza kama nimekula. Nilidhani tumerudi tulipokuwa. Baada ya siku chache ofisi ikanijulisha kwamba mzee ameomba mhudumu mwingine wa Jumapili, na wamempata Mkenya mmoja wa Campbelltown. Siku nyingine zote amenibakisha mimi. Namwogesha, nampikia, tunaongea habari za mvua. Ila nikiwepo hapigi tena santuri. Jana nilijikaza nikamwomba aniwekee moja tu. Akanijibu kwa upole, kama unavyomjibu mgeni, "Labda siku nyingine, Neema."

Baba, video ikifika na watu wakakuuliza, usiwaambie nilikuwa kazini. Waambie ni mwanao anacheza.

Mpe Mama pole ya kifua. Msalimie Dada Rehema na mumewe, na shangazi aliyenilea nikisoma, na mchungaji pia, hata kama ataiona hiyo video. Niombeeni.

Mimi binti yako, ninayeandika nikiwa nimeinamisha uso,
Neema