Zamu ya Kupalilia

Jumatatu, 9 Juni
Zamu ya saa moja asubuhi. Majina kumi na mawili kwenye orodha, tumefika watatu. Mvua imekata, baridi imebaki. Mikono imekufa ganzi kwenye paipu. Nimenyunyizia sukuma zote peke yangu, wale wawili wakipigana picha na majembe. Mimi ndiye mwenyekiti wa shamba la wanafunzi. Nilichaguliwa nikiwa nimetoka kwenda msalani.

Jumanne, 10 Juni
Naibu mkuu wa chuo, Bi. Ndinda, amepita shambani. Ametazama magugu, akatazama viatu vyake. Anasema wahadhiri hawana pa kuegesha magari. Atarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Akikuta pako hivi, panamwagwa kokoto. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.
Sukuma zetu ndizo zinazopikwa jikoni mwa hosteli. Wapo ambao hawali kingine siku nzima. Nawajua.
Nimetangaza kwenye grupu. Nimejibiwa kwa vidole gumba.

Alhamisi, 12 Juni
Mutinda tena. Katibu wetu, mtu wa Makueni, na hakuna jambo asilokuwa na neno juu yake. Nikisema tupalilie kwa jembe, jembe linakata mizizi. Nikisema tutie samadi, samadi bado mbichi, itaunguza. Kibaya zaidi, huwa kweli. Mimi nimekulia River Road, ghorofani juu ya duka la baba la mabomba na misumari. Udongo nimeujulia chuoni. Akinisahihisha mbele ya watu, masikio yananichemka.
Grupu nalo halinyamazi. Utani, maombi ya noti, utani tena. Nimelizima sauti.

Jumamosi, 14 Juni
Siku ya kazi ya wote. Wamekuja wanane, maajabu. Mutinda hayupo. Mdomo anao, siku ya jembe haonekani. Nimelisema hilo kwa sauti. Wakacheka, nikaongeza.
Kisha nikaingia sehemu yake, kule karibu na ua. Pamejaa vijiti vya kijani, vimefika magotini, vimesimama ovyo katikati ya sukuma. Nimeng'oa vyote kwa mikono. Wilbaro mbili. Sijafurahi hivi tangu muhula uanze.

Jumapili, 15 Juni
Nimetoka chuoni, Riruta, sasa hivi. Najisikia vibaya mno.
Nilikwenda kunyunyizia maji. Mutinda akaja adhuhuri, ametoka kanisani, bado na shati jeupe. Akasimama kwenye rundo la magugu. Akaokota kijiti kimoja, akakigeuzageuza.
"Nani ameng'oa hizi?"
"Mimi. Magugu yako hayo. Jana ulikuwa wapi?"
"Hizi ni mbaazi, Zuhura. Shosho alinipa mbegu Aprili. Na jana nilikuwa na mtihani. Niliandika kwa grupu Ijumaa, nikaomba mtu asiguse hapo mpaka nikuje."
Nimefungua grupu. Ujumbe upo. Jina langu limo.
Mbaazi, mbegu za bibi yake. Leo asubuhi nimekula sahani mbili, za nazi, kwa mahamri ya mama. Kila Jumapili nazila. Sikuwahi kujiuliza mti wake unafananaje.
Hakunigombeza. Ameondoka na kile kijiti mkononi.

Jumatatu, 16 Juni
Hakuna aliyekuja. Nimejaribu kurudisha miche michache ya mbaazi ardhini. Imelala chini yote.

Jumatano, 18 Juni
Nimeandika kwenye grupu. Kwamba mbaazi nimeziua mimi. Kwamba Jumamosi nilimsema Mutinda vibaya mbele ya watu bila kuuliza. Kwamba naomba radhi, na kazi ya kesho aiongoze yeye. Nimefuta na kuandika upya mara tano. Nimechukia kila neno.
Jibu lake: "Kesho saa kumi na mbili na nusu. Kila mtu na jembe."
Hata msamaha wake ni amri.

Alhamisi, 19 Juni
Wamefika wengi kuliko siku yoyote. Nadhani walikuja kumtazama mwenyekiti aliyeaibika. Basi, wametazama wakiwa wameinama. Mutinda amegawa mistari. Mimi nimepewa kule kule karibu na ua, naye amesimama juu yangu. "Hii ng'oa. Hii acha." Kama mtoto wa chekechea. Nimevumilia.
Kufikia jioni shamba lote safi. Mgongo wangu umekwisha.

Ijumaa, 20 Juni
Bi. Ndinda amekuja saa nne. Ametembea mpaka mwisho, akauliza mbona kule karibu na ua pana mapengo. Nikafungua mdomo kumweleza. Mutinda akaniwahi: "Tunapapumzisha, madam."
Ameamua. Nusu ya chini inakuwa maegesho, wanaanza Jumatatu. Ya juu tubaki nayo. Nimebisha sana. Hakubadilika. Nusu nzima imekwenda, na tumefanya kazi yote.
Jikoni watapata, ila kidogo.
Mchana tumekuwa tukihamisha miche ya chini kupeleka juu, mimi na Mutinda na wengine wanne. Mutinda amesema naushika mche vibaya, niushike kwa jani, nisiushike shina. Nimeushika kwa jani.