Bundi wa Mayu Minza

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi nimefungua kibanda, nimechaji simu za watu, nimetengeneza spika ya kanisa, halafu nikakaa kuandika makala ya bundi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kweli. Hizo nyingine ni za kulisha watoto.

Makala imetoka tamu. Nimeeleza masikio yake: moja liko juu kidogo, jingine chini kidogo, ndiyo maana anamsikia panya gizani na kujua yuko wapi. Uso wake mweupe ni kama dishi la setelaiti, unakusanya sauti. Nimeeleza jinsi vizazi na vizazi vya bundi wenye masikio mabovu walivyokufa njaa, wakabaki hawa. Daktari wa ndege niliyemwendesha kule porini alinifundisha hayo kwa muda mrefu, mimi nimeyaweka kwa maneno machache. Kidato cha pili, jamani! Ningemaliza cha nne sijui nchi hii ingenificha wapi.

Picha ndiyo imebeba kila kitu. Mayu Minza wa Kasoli (mayu kwetu ni mama) amekaa kwenye kigoda anacheka, na nyuma yake, kwenye dirisha la nyumba ya zamani ya marehemu mumewe, bundi ametoa uso. Chini nimeandika: "Bibi huyu hana mbwa. Ana jeshi la anga."

Nimecheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama naumwa.

Jumanne, 10 Juni

Sijawahi kupata laiki nyingi hivi. Mtu wa Lubumbashi amekomenti. Nilimwambia nimekunywa chai kwao nikiwa utingo, miaka ile ya malori. Amenijibu kwa heshima.

Mwanza wamepiga simu kuthibitisha. Ijumaa naongea kwenye kongamano la watu wa ndege. Mimi! Mbele ya maprofesa. Mke wangu ameniuliza nitavaa nini. Nimemwambia suti ya kijivu. Amesema hiyo ilinitosha kabla sijaanza kujisifu, sasa kichwa hakitapita kwenye kola.

Wivu tu.

Jumatano, 11 Juni

Mambo yameharibika.

Maksai wawili wa Limbu wamekufa leo asubuhi. Limbu ni jirani wa mayu Minza, nyumba zao zinatazamana. Maksai waliingia kula mabua kwenye shamba la mtama la mayu, mtama uliokwisha kuvunwa. Jua halijapanda vizuri wakaanza kuhema, wakatetemeka, wakaanguka. Walipochunwa, damu ilikuwa nyekundu kuliko damu. Watu wakaogopa. Hakuna aliyekula nyama, wakafukia.

Hayo nimepigiwa simu nikaambiwa. Mengine nimeyaona mwenyewe, kwenye grupu. Mtu amechukua picha yangu. Makala hakuna, masikio hakuna, dishi hakuna. Picha tu, na maneno yangu: "Ana jeshi la anga." Chini yake mtu ameandika, "Tumeambiwa na mtaalamu mwenyewe."

Nimeikuza ile picha kwenye simu. Macho ya mayu ni mekundu. Ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia, miaka yote. Nayajua macho hayo toka nasoma, nikilala kwake pamoja na mwanaye, rafiki yangu Sita, Mungu amrehemu. Niliona sikio la bundi, ambalo hata halionekani. Macho ya mayu sikuyaona.

Huku kwetu mwanamke mzee, peke yake, macho mekundu, na bundi dirishani. Sihitaji kuandika zaidi. Najua yanapoishia.

Nimeifuta ile makala. Imeshafika kwenye magrupu nisiyoyajua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Kasoli na pikipiki alfajiri. Mayu alikuwa anafagia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, bhabha. Umenifanya maarufu."

Hakuniambia kwa hasira. Ningependa angekasirika.

Vijana wameshampiga bundi mmoja kwa mawe. Alikuwa amelala kwenye jani la mkonge, bawa limefunuka. Manyoya laini mpaka unaona aibu kuyashika. Mwenzake ametoroka. Nimemzika nyuma ya kihenge.

Mtoto wa kiume wa mayu amepiga simu toka Kahama, anataka mama ahamie kwake kesho kutwa. Mayu amekataa. Kaburi la mume liko hapo, la Sita liko hapo. Akasema akiondoka sasa watasema amekimbia, na nyumba itachomwa siku hiyohiyo. Ana akili kuliko sisi sote.

Nikaenda kwa Limbu. Kosa. Nilikwenda nimevimba kama kawaida yangu. Nikamwambia mbele ya watu kwamba maksai wamekufa kwa chambavu, nimeona ugonjwa huo mikoa sita na nchi nne, mtoto mdogo anaujua. Limbu akaniangalia.

"Wewe ndiye uliyemsifu na ndege wake. Leo umekuja kumtetea. Kesho utakuja kuuza nini?"

Nikageuka nikaondoka. Mimi!

Kamanda wa sungusungu ametangaza mkutano Jumamosi. Mayu ataitwa kujieleza.

Ijumaa, 13 Juni

Leo ndiyo kongamano. Saa hizi jina langu linasomwa ukumbini Mwanza.

Niko Kasoli. Nimelala mlangoni kwa mayu na panga chini ya mkeka. Hakuna aliyekuja. Jiwe moja tu lilianguka kwenye bati. Mayu hakustuka. Mimi ndiye niliyeruka.

Niliwapigia Mwanza nikasema nina mgonjwa. Wakauliza anaumwa nini. Nikasema sifa. Hawakuelewa.

Suti iko nyumbani kwenye msumari.

Mchana amekuja Neema, afisa mifugo wa kata. Binti mdogo, buti za mvua, anaongea polepole. Hakusalimia sana. Amezunguka shamba la mtama la mayu akichuma machipukizi, akayaweka kwenye mfuko. Nikamfuata nikimweleza kuhusu chambavu. Akaniuliza kama nimegusa ile mizoga. Sikuigusa. Akauliza kama niliiona damu. Sikuiona. Akaendelea kuchuma.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo ilivyo. Naogopa kesho.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Watu walijaa uwanja wa ofisi ya kijiji, wengine hata hawakai Kasoli. Mayu aliwekwa kwenye kiti mbele, kanga mpya, mikono mapajani. Limbu upande wa pili. Kamanda katikati na filimbi yake shingoni.

Niliomba nafasi ya kwanza. Bado najifunza, au sijifunzi. Nikaeleza masikio, panya, vizazi vya bundi. Nikaeleza chambavu. Mtu nyuma akapiga kelele, "Jeshi la anga!" Wakacheka vibaya. Kile kicheko kilinitoa jasho. Ni utani wangu, wameurudisha ukiwa na meno.

Neema akasimama. Akasema kwanza mimi nimekosea. Ingekuwa chambavu, nyama ingevimba na damu ingekuwa nyeusi. Damu ile ilikuwa nyekundu sana kwa sababu ya sumu. Akamwaga machipukizi mezani. Mtama ukishavunwa, ikipita mvua ya kushtukiza kama ile ya mwezi uliopita, mashina yanachipua, na chipukizi changa lina sumu. Ng'ombe mwenye njaa akilivamia asubuhi anakufa kabla hujamaliza kuvuta sigara. Mtama unajilinda usiliwe ukiwa mtoto, akasema. Basi.

Nikajisikia mjinga na mwenye furaha kwa pamoja. Mmea uliojitengenezea sumu vizazi na vizazi! Hiyo ndiyo makala niliyotakiwa kuandika. Ilikuwa chini ya miguu yangu nikamtazama ndege.

Lakini Limbu akasimama. Hakupiga kelele. Akasema, "Sawa, mtama una sumu. Mbona wangu tu? Mbona shamba lake tu? Mtama hauna macho. Nani aliwapeleka pale?"

Uwanja ukaguna. Nikaona vijana wanasogea. Kamanda akamwambia mayu ajibu. Kwa Kisukuma akajibu, taratibu, mimi naandika kwa Kiswahili.

Akasema: "Niliwapeleka mimi. Kila mwaka nakuita, Limbu, nikishavuna uje ulishe mabua yangu, na ng'ombe waniachie samadi. Mume wangu alikuwa anamwita baba yako vivyo hivyo. Mwaka huu mgongo unauma, sikung'oa mabua mapema, yakachipua. Hilo ni langu, nalikubali mbele ya watu. Lakini mvua ikija, nani ananilimia?"

Limbu akavua kofia.

"Sema, bhabha. Nani ananilimia?"

"Mimi, mayu."

"Kwa maksai gani?"

Limbu akaizungusha kofia mikononi.

"Kwa hao hao. Sina wengine. Sasa mimi mchawi gani ninayeua jembe langu mwenyewe? Mwaka huu nitalima na nini? Na bundi?"

Halafu mama mmoja mnene wa mbele akacheka, kicheko cha tumboni, akajifunika mdomo kwa kanga. Kikaenda nyuma, kikarudi. Hata kamanda alishika filimbi kama anaifuta. Mtu akasema, "Afunge bundi nira!" na safari hii hawakucheka kwa meno.

Limbu hakucheka. Alikaa chini, akaweka kofia magotini, akalia. Nadhani alikuwa hajawalilia wale maksai. Watu walimzuia kwa kumpa mtu wa kumchukia.

Kamanda akasema hakuna kesi. Yeyote atakayerusha jiwe kwa mayu Minza atalipa sungusungu ng'ombe. Hapo vijana walielewa kuliko somo langu lote na la Neema.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala. Nimekula. Nimelala tena. Mke wangu ameiondoa suti msumarini, ameikunja bila kusema neno. Nampenda huyu mwanamke.

Jumanne, 17 Juni

Nimerudi Kasoli na jembe. Nimeng'oa mashina ya mtama mpaka malengelenge. Mimi mwandishi wa kimataifa! Neema alikuja akatuonyesha pa kuyarundika yakauke mbali na ng'ombe. Nilimwomba msamaha kwa ile chambavu. Akasema wanaume wengi wanaijua chambavu kwa sababu jina lake linatamkika vizuri. Sijui kama alinitukana. Nadhani alinitukana.

Adhuhuri Limbu akatokea na jembe begani. Hakuja kwangu. Alianza mstari wa upande wa pili, akija kuelekea kwetu. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nikauma ulimi, kwa kweli niliuuma, unauma hadi sasa.

Mayu akaleta uji. Kikombe cha kwanza alimpa Limbu.

Tumemaliza jioni. Limbu akasema shemeji yake wa Mwandoya atamwazima maksai msimu ukifika, na akilima kwake atalima na kwa mayu. Aliyasema hayo akimwangalia mbuzi, si mtu. Mayu akajibu, "Wabeja," hivyo tu. Asante.

Jumatano, 18 Juni

Mwanza wamenitumia ujumbe: naweza kuwaandikia ile hotuba. Nimekaa na karatasi siku nzima. Kila nikianza na bundi naona jani la mkonge. Nimeandika kuhusu mtama. Nimetaja kwamba nilikosea na nani alinisahihisha. Imekuwa fupi. Hakuna utani hata mmoja, imenitisha.

Kuhusu picha za watu nimeapa: naomba ruhusa kwanza, na naangalia kila kitu kilichomo, macho yakiwemo.

Alhamisi, 26 Juni

Nilipita Kasoli kumpelekea mayu dawa ya mgongo na miwani. Ameivaa miwani kichwani kama kilemba, anasema macho yake bado hayajazeeka.

Tulikaa nje, mimi, yeye na Limbu aliyekuja kuomba moto. Jua lilikuwa limeshuka. Watu wanarudisha ng'ombe.

Halafu yule bundi aliyebaki akatoka dirishani kwenye nyumba ya zamani. Bila sauti. Alikaa ukingoni, akageuza dishi lake huku na huku. Nilimwangalia Limbu, sikumwangalia ndege.

Limbu alimtazama muda mrefu. Akatema mate pembeni.

"Huyu anakula panya wa mayu tu," akaniuliza, "au na wa kwangu?"

"Hana mipaka," nikasema.

"Basi apite na kwangu. Wamenimalizia mahindi."

Bundi akaruka, akapita juu ya ua, akaelekea upande wa kwa Limbu. Sifa si zangu. Panya wako wengi kule.

Mayu akanigeukia. "Leo hupigi picha?"

Simu ilikuwa mfukoni, imejaa. Nilikuwa nimeichaji mwenyewe kibandani.

"Haina chaji, mayu," nikasema.