Tuta la Mwisho Uani Kwetu Azaiba

Kwako Baba Nasir,

Joto limevunjika. Tangu juzi upepo wa asubuhi unaingia dirishani, na mimi nimejikuta naamka kukusikiliza. Kila mwaka ilikuwa hivi: ukivuma upepo huu mara ya kwanza, wewe hukaliki tena. Utavaa ile kanzu yako iliyochanika kwapani, utapanda juu ya paa kuzibua mlizamu kabla ya mvua, utashuka na majani makavu kichwani, na hujanawa hata mikono ushaanza kuniamrisha mablanketi yaanikwe juani. "Mama Nasir, baridi hiyo inakuja!" Baridi gani, mwanamme wewe, na watu bado wanatoka jasho.

Na siku ya kuwasha hita ya maji je? Wakati wa joto maji ya tangi la juu yanababua ngozi, basi tulikuwa tunaizima hita na kuoga maji yaliyopoa humo ndani yake. Wageni wetu kutoka Unguja walichanganyikiwa: bomba la moto linatoa baridi, la baridi linatoa moto! Majira yakigeuka ulitangaza nyumba nzima kama mtu aliyeona mwezi umeandama: "Leo nnawasha hita!" Mwaka huu hajatangaza mtu. Nimewakataza wasiiguse, na baridi ya asubuhi naivumilia.

Samadi ya mbuzi nayo ulikuwa unaifuata mpaka mashamba ya Qurayyat, kwa sababu ile ya huku mjini ulisema haina nguvu. Gari linanuka beberu wiki nzima. Nikilalamika unanijibu, "Utakula figili wewe, utaomba msamaha." Sikuomba hata siku moja, na figili zenyewe nilikula.

Ukafariki joto likiwa limeshika kisawasawa. Mimi nimo edani mwako, sitoki, na wanaume wasiokuwa maharimu zangu hawanioni. Hilo halinikeri, nimelipokea kwa moyo wangu wote. Kilichonichoma ni kukaa nyuma ya pazia na kusikia bustani yako inang'olewa.

Nasir alikuja asubuhi moja na mafundi na lori la matofali ya saruji. Akanibusu kichwa.

"Mama, nnataka kutandika matofali hosh nzima, ua wote huu. Winta hii tukae nje na watoto, tuchome mishikaki. Vumbi hakuna, nge hakuna."

"Na matuta ya baba yako?"

"Nani atayashughulikia, mama? Khalas, ushachoka wewe."

Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini mwanao alisema kwa upole, na mtoto mwema ni mgumu kugombana naye. Nikarudi chumbani. Niliona kupitia upenyo wa pazia mchaichai wako unatupwa karaini, na mnanaa, na ule mwasumini uliouegemeza ukutani kwa kamba. Halafu ikaanza nyundo ya mpira, pu, pu, pu, tofali kando ya tofali, mpaka adhuhuri. Nilijaribu kusoma Kurani, macho yakawa yanarudi mstari ule ule.

Walipofika tuta la mwisho, lile la karibu na bomba, nilisikia jembe limeingia udongoni. Sijui nikwambie nini, Baba Nasir. Nilijitanda shuka yangu ya kusalia, nikafungua mlango, nikatoka. Mbele ya wanaume wageni, mimi mwenye eda. Fundi mkubwa aliponiona aligeukia ukutani kwa adabu, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Mimi nikaenda kusimama katikati ya tuta, miguu mitupu.

"Mama! Subhanallah, ingia ndani! Watu watasemaje?"

"Watasema wamemuona mjane wa baba yako kasimama juu ya tuta lake. Waache waseme."

Nasir alinitazama, macho yakamjaa maji, akawaambia wakusanye vyombo vyao. Mungu anisamehe ikiwa nimekosa, na wewe unisamehe ikiwa nimekuvunjia heshima. Ningeingia ndani, leo usingekuwa na kitu uani.

Asubuhi ya pili nilichukua pakiti ya mbegu za figili kwenye kabati lako la vifaa, nikapiga magoti kama ulivyokuwa ukifanya. Nikazimimina kiganjani. Hapo ndipo nilipokwama. Miaka yote nilikuwa nakuletea chai, nakucheka, naondoka zangu jikoni, na sikukuuliza mbegu inazamishwa kiasi gani. Nasir hajui. Yeye udongo aliukimbia tangu mdogo. Nilichimba kwa kidole, nikatia, nikafukia, nikamwagia maji.

Ulikuwa ukisema figili haina subira, ukigeuza uso tu imeshachomoza. Natoka kila baada ya alfajiri kuitazama. Figili za jirani, ng'ambo ya ukuta pale, zina majani tayari. Kwetu udongo uko vile vile, umelowa na mweusi, na wa kumuuliza nimekosea wapi nimemzika.

Mungu akulaze pahala pa baridi njema.

Mkeo,
Mama Nasir